BFR ya .45-70: revolva inayokula risasi za raifo, nimeitumia misimu miwili

Wadau, siku ya kwanza kuifyatua hii kitu nilijua imenipasukia mkononi. Moto umetoka mbele, moto umetoka ubavuni, mtutu unaangalia mawinguni, na mzee mwenye ranchi aliyekuwa amekaa nyuma yangu kwenye kiti cha kukunja anacheka mpaka kofia imemdondoka. Nikahesabu vidole, vipo vyote, nikaigeuza bastola huku na huku, nzima, ndo nikapumua. Sasa hivi nimeshawinda nayo misimu miwili hapa Texas na washkaji kila wakiona picha wanauliza bei, wanauliza kama inafaa, wanauliza kama kweli inakula risasi za raifo, nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja kwa voisi za dakika kumi bora niandike yote yaishe.

Inaitwa BFR, inatoka kampuni ya Magnum Research kule Minnesota. Kampuni inasema herufi hizo ni Biggest Finest Revolver, watu wa mtaani wana tafsiri yao nyingine ambayo siiandiki hapa, mama mkwe ana simu siku hizi. Ni revolva ya kupandisha nyundo kwa kidole gumba kila unapotaka kupiga, ukivuta triga peke yake haikusikilizi. Chuma cha pua kitupu, silinda ina matundu matano sio sita maana risasi zenyewe nene, na kujaza ni moja moja kwa kupitia kamlango kadogo ubavuni, kutoa maganda nako moja moja kwa kusukuma kafimbo. Wanatengeneza za risasi mbalimbali, mpaka ya .30-30, nayo ya raifo, ipo, ila yangu ni .45-70 yenye mtutu wa inchi 10. Uzito ni zaidi ya kilo mbili, yaani ni kama umebeba chupa kubwa ya soda siku nzima, na urefu unakaribia nusu mita. Siku naileta nyumbani mama watoto aliitazama pale mezani akauliza, "Baba Neema, hii ni bastola au umenunua bomba la maji?"

Risasi yenyewe sasa ni kizee. Jeshi la Marekani liliiingiza kazini 1873 kwa ajili ya zile raifo za Springfield za kufunua kifuniko juu unaweka risasi moja unafunga. 45 ni upana wa kichwa kwa mia za inchi, 70 ni greni za baruti nyeusi waliyokuwa wanashindilia humo, na kichwa cha enzi hizo kilikuwa greni 405, ambazo ni gramu 26, zaidi ya mara tatu ya kichwa cha 9mm, risasi ya bastola za kawaida. Na wazo la kuichomeka kwenye revolva sio la jana, kulikuwa na Century Model 100 iliyotengenezwa Indiana miaka ya 1970 yenye fremu ya shaba, na kampuni ya Ruger kwenye revolva yao ya Blackhawk waliweka risasi ya ile raifo ndogo ya jeshi, .30 Carbine, tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo huu wazimu una ukoo.

Mimi nilinunua kwa sababu moja tu. Nina raifo ya Marlin 1895, zile za kuvuta mkono chini kama za makauboi, nayo inatumia .45-70 hiyo hiyo. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: risasi aina moja, silaha mbili, boksi moja mfukoni. Raifo begani, bastola kifuani, nikiishiwa huku nachota kule. Niliipiga hesabu hii nikiwa naendesha lori usiku kutoka Amarillo, na hesabu za saa nane usiku ukiwa peke yako barabarani kila moja inaonekana sahihi.

Basi turudi kwenye siku ya kwanza. Kabla sijapiga mzee alinionya kitu kimoja, akarudia mara tatu kama anamfundisha mtoto. Kwenye raifo mkono wako wa kushoto unaenda mbele chini ya mtutu, mwili umeshazoea. Kwenye revolva ukipeleka mkono mbele umekwisha, kwa sababu kati ya silinda na mtutu kuna upenyo mwembamba wa kupitisha karatasi tu, na gesi inachomoka pale kwa moto na kasi ya ajabu, ndo ule moto wa ubavuni niliousema. Mikono yote miwili inabaki nyuma kwenye mpini. Mimi nikamwelewa, nikaweka mikono nyuma, ila mfuko wa mchanga wa kuegeshea nikauweka chini ya fremu pale pale penye upenyo. Baada ya risasi tatu mfuko una mstari mweusi umechanika kama umepitishiwa wembe, mchanga unamwagika taratibu mezani. Mzee akauinua, akaingiza kidole chake kwenye ule mchano, akauchezesha, hakusema neno. Tangu siku hiyo naegesha mtutu kwenye kipande cha ngozi nene na mikono najua inapokaa.

Teke lake nilitegemea kofi, kumbe ni msukumo. Nimeshapiga revolva ya .454 Casull ya jamaa mmoja, ile inakuchapa, kiganja kinawaka, unaiweka chini unapuliza vidole. Hii inakusukuma kama ng'ombe dume aliyekuegemea begani, mtutu unapanda juu, unashuka, unatafuta tena shabaha. Sababu yake ni presha. .45-70 inajazwa kiwandani kwa presha ndogo, kikomo chake paundi 28,000 kwa inchi ya mraba, kwa vile bado kuna watu wanamiliki zile Springfield za mababu na hakuna anayetaka ziwalipukie usoni. .44 Magnum kikomo ni 36,000, na hiyo Casull ni 65,000. Ukichanganya na zile kilo mbili na ushee za chuma, mtu mzima wa kawaida anaweza kuipiga. Sio kwa raha siku nzima, mimi baada ya risasi ishirini naanza kufumba macho kabla ya kuvuta triga, na ukianza kufumba macho funga boksi urudi nyumbani, kila risasi inayofuata ni kujifundisha tabia mbaya.

Kelele ndo msiseme. Kwenye mtutu mfupi baruti ya raifo haimalizi kuungua ndani, inamalizia kuungua nje, mbele ya uso wako. Navaa vizibo ndani ya masikio na hedfoni juu yake, na bado jirani wa meza ya pili pale renji, uwanja wa kulengea shabaha, alihamisha vitu vyake kimya kimya akaenda mwisho kabisa.

Sasa hapo kwenye baruti ndo hesabu yangu ya Amarillo ilipoanza kupwaya. Nilikopa mashine ya kupima spidi nikapiga risasi za boksi moja kwenye silaha zote mbili. Zile za kichwa cha greni 300, Marlin inazitoa kwa futi 1,750 kwa sekunde, BFR futi 1,480. Zile nzito za greni 405, Marlin 1,270, BFR 1,130. Hivyo ni vipimo vyangu vya mchana mmoja wenye upepo, vyako vitatofautiana. Spidi iliyopotea ndo ule moto mzuri wa kwenye picha, nimeulipia dukani nikaugeuza fataki. Kwa shabaha maana yake ni hii: ukiilenga ikae sawa yadi 50, kile kichwa kizito kwenye yadi 100 kimeshashuka kama inchi 7, chepesi kama inchi 4. Raifo hiyo yadi 100 sifikirii hata mara mbili. Bastola nimejiwekea mpaka, yadi 75, na hapo ni nikiwa nimeegemea kitu na mapigo ya moyo yametulia.

Nitasema kitu ambacho wenye BFR wenzangu watanichukia. Kama unachotaka ni nguvu tu kwenye revolva, risasi ya raifo haikuongezei kitu. Casull ya greni 300 inatoka kwa futi zaidi ya 1,600 kwenye bastola ndogo na nyepesi kuliko hii, kwa sababu ile ilitengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtutu mfupi, baruti yake inamaliza kazi ndani. Hii ya kwetu inabeba ganda refu lililopangwa kwa ajili ya baruti nyeusi ya 1873, nafasi tupu humo ndani kibao, na silinda inalazimika kuwa ndefu kubeba urefu huo. Unabeba chuma cha ziada kwa ajili ya historia. Mimi historia naipenda kwa hiyo nabeba, lakini tusidanganyane eti ina nguvu kuliko zote, hapana.

Kilichonivunja moyo kabisa lakini hakikuwa spidi, ni jioni ya Februari mwaka jana.

Ranchi ya mzee iko upande wa Llano, kutoka Dallas ni mwendo wa karibu masaa manne, mawe ya granaiti makubwa mekundu yamejipanga kama Mwanza vile, miti ya oki mifupi, vumbi. Nguruwe pori wamemmaliza, wanafukua malisho usiku mmoja utadhani trekta limepita. Ana pipa la mahindi la miguu mitatu lenye saa, jioni linajizungusha linamwaga mahindi chini. Mara ya kwanza kuliona roho iliniuma, mahindi mazuri ya kusaga unga kabisa yanamwagwa mchangani wale wanyama. Tumejibanza kwenye kibanda, giza linaingia, wakatokea kumi na moja, mikia inachezacheza, umbali yadi 40. Nikapandisha nyundo, nikapiga jike lililokuwa limenipa ubavu, likalala pale pale halikupiga hata hatua. Wengine wakalipuka kila upande, nikapiga la pili nikakosa, mchanga ukaruka nyuma yake. Dume moja kubwa likasimama, likageuka linatuangalia. Yadi 35, limesimama tuli, kifua chote. Navuta nyundo, haiji. Navuta kwa vidole gumba viwili, haiji. Silinda imekufa. Dume likatikisa masikio likaondoka kwa kutembea, sio kukimbia, kutembea, kama mtu anayetoka kikaoni.

Tukawasha tochi. Risasi moja kati ya tatu zilizobaki kichwa chake kimechomoka kutoka kwenye ganda, kama milimita tatu hivi, kimetokeza mbele ya silinda kikagota kwenye fremu. Mzee alinikataza kuilazimisha, akanipokonya, akageuzia mtutu kwenye udongo, akachonga kijiti cha oki kwa kisu chake, akakipachika pembeni kati ya fremu na kile kichwa na kukirudisha taratibu huku amenuna, ilichukua kama robo saa. Risasi zilikuwa za kujazwa upya, nilizinunua kwenye maonyesho ya silaha meza ya pembeni kabisa kwa bei ya kutupa. Jamaa simtaji, na kosa nusu ni langu.

Na hapa ndo pa kuzingatia, kwa sababu risasi za boksi lile lile nilishapiga ishirini kwenye Marlin bila tatizo lolote. Kwenye Marlin risasi zinalala foleni ndani ya bomba chini ya mtutu, teke likija zinabanana, kichwa kinasukumwa kuingia ndani ya ganda. Kwenye revolva ni kinyume. Bastola inarudi nyuma ghafla, maganda yanaenda nayo kwa sababu yameshikwa kwenye kingo za nyuma, ila kile kichwa kizito kinataka kibaki pale pale kilipokuwa, kwa hiyo kila ukipiga moja zilizobaki zinachomoka unywele mmoja mmoja. Anayejaza risasi akibana mdomo wa ganda kidogo tu, raifo haitajua, revolva itakufia mkononi. Kwa hiyo ile ndoto ya boksi moja silaha mbili ni nusu kweli. Zinaingia kote, zinafyatuka kote, lakini sio kila inayofaa huku inafaa kule.

Sasa hivi kila nikinunua aina mpya nafanya hivi: najaza zote tano, napiga nne, ya tano naitoa bila kuipiga naiweka kwenye kalipa, kile kipimio cha milimita, naangalia urefu niliouandika mwanzo. Ukiongezeka hata kidogo, boksi zima linahamia kwenye Marlin. Mpaka leo nimeshahamisha aina mbili. Za viwandani nyingi zinakaa vizuri, za kujazwa upya na mtu usiyemjua achana nazo kabisa kwenye revolva.

Lile jike nalo tusilisahau. Risasi iliingia bega moja ikatokea la pili, mifupa yote miwili imepita, na nyama iliyoharibika ni ndogo kuliko nilivyozoea kwa raifo za kasi, kichwa kipana kinatoboa tu hakilipui. Tulilichuna usiku huo huo. Vaa glovu wakuu, nguruwe pori wa huku wanabeba ugonjwa wa brusela na unaingilia kwenye mchubuko mdogo tu, na nyama ipike iive haswa, mambo ya kutoa ikiwa na damu damu waachie wenye steki zao. Nilirudi Dallas na kuliboksi la barafu limejaa, Jumapili tukakata kitimoto, ndizi za kukaanga, pilipili na kachumbari, jamaa watatu waliokuja kuangalia mpira hawakuangalia mpira. Nguruwe pori hana mafuta kama wa kufuga, ni mgumu kidogo, chemsha kwanza na tangawizi ndo ukaange.

Msimu wa pili nikaenda kwa swala. Nasema swala kwa sababu Wabongo wote huku tunamwita hivyo, ingawa sio swala, pembe zake zinadondoka kila mwaka na kuota upya, swala gani huyo. Huyu wa mkia mweupe wa upande ule wa Llano sio mkubwa, mfikirie pongo dume aliyeshiba. Msimu unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Asubuhi hiyo dume zuri lilisimama kwenye yadi kama 110, limetulia linakula, na mimi nimebeba revolva peke yake, raifo nimeiacha kwenye gari kwa makusudi. Nililiangalia kwenye darubini dakika nzima. Nikaliacha. Mzee ananong'ona "piga, piga," nikatikisa kichwa. Inauma lakini pale ilikuwa kubahatisha, na mnyama aliyejeruhiwa kwa ajili ya sifa zako utamtafuta kwenye miiba mpaka usiku.

Kesho yake jioni akaja mwingine, mdogo zaidi, yadi 55. Nimeegemeza mtutu kwenye kile kingozi dirishani, greni 300, nikasubiri ageuke. Baada ya moshi na kelele simwoni. Mzee anasema umekosa, mimi nasema sijakosa. Tulimkuta hatua arobaini kutoka alipokuwa, mapafu yote mawili, tundu la kutokea unaingiza kidole gumba. Nikakata tagi ya kwenye leseni nikamfunga nayo. Mzee akanipa mkono, cha kwanza alichouliza ni kama nitamwachia ile nyama ya mgongo.

Kuhusu sheria niseme kwa kifupi maana maswali ni mengi. Texas nguruwe pori kwenye ardhi ya mtu aliyekuruhusu hauhitaji leseni ya kuwinda tangu 2019, ila swala unahitaji, na kama umezaliwa 2 Septemba 1971 au baada ya hapo unatakiwa uwe umepitia kozi ya wawindaji, unaweza kuifanya mtandaoni. Swala anaruhusiwa kwa bastola mradi risasi sio zile ndogo za kupigwa ukingoni kama .22. Mwenye grini kadi ananunua silaha dukani kama raia, unajaza fomu 4473, wanakukagua, basi. Mwenye viza ya masomo au ya kutembea kwa ujumla haruhusiwi, kuna vifungu vichache vya kuruhusu ila usivisome kwenye voisi ya WhatsApp, nenda kwa mwanasheria, utaharibu makaratasi yako yote kwa ajili ya kitimoto. Majimbo mengine yana sheria zao, usichukue ya Texas ukaenda nayo Illinois. Na kuna jamaa ameniuliza kwa nini nisiifungie kitako cha begani ipunguze teke. Usithubutu. Mtutu uko chini ya inchi 16, ukiweka kitako umeshatengeneza raifo fupi, hiyo lazima isajiliwe serikali kuu kwanza, bila hivyo ni kesi ya jela. Wa nyumbani mnaosoma, hii someni tu kama hadithi. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, na Bongo kumiliki silaha kuna mlolongo wake wa vibali, mnaujua kuliko mimi.

Vitu vidogo vidogo sasa. Kiunoni haibebeki, nilijaribu siku moja suruali ikawa inashuka kila hatua kumi, nunua mkoba wa kifuani wenye mikanda ya kupita mabegani, uzito unagawanyika na mikono inabaki huru. Triga ya yangu ilikuwa nyepesi na safi tangu dukani, sijaigusa. Mpini wa mpira unasaidia sana, jamaa yangu ameweka wa mbao ngumu kwa ajili ya uzuri, sasa anaonyesha watu picha, hapigi. Darubini chukua ya bastola, ile unayoiona vizuri mkono ukiwa umenyooka, ukiweka ya raifo utalazimika kuisogeza usoni na ikirudi nyuma inakupasua nyusi, nimeona kovu la mtu. Na skrubu za kuishikilia zipake gundi ya skrubu, zangu zililegea mara moja baada ya risasi kama sitini, nikadhani nimesahau kulenga. Usafi ni rahisi, ila uso wa mbele wa silinda utakuwa mweusi siku zote, usipoteze Jumapili yako kuusugua.

Bei, mpya inaenda zaidi ya dola 1,200, mimi nilipata iliyotumika kwa dola 1,100 na mwenye nayo alikuwa amepiga boksi moja tu akaogopa, hizo zipo nyingi, subiri utaipata. Kama ndo unanunua bastola yako ya kwanza ya kuwindia, usianze na hii. Chukua .44 Magnum, jifunze kutofumba macho, risasi zake ni nafuu na utapiga nyingi. Kama huna raifo ya .45-70 nyumbani sioni kwa nini uache Casull uchukue hii. Kama unayo, na unaipenda hiyo risasi ya kizee, na una kalipa, hutajuta sana. Mimi siuzi. Nyota nne, ya tano imebaki na lile dume lililotembea.

Aliye maeneo ya Dallas anayetaka kuijaribu kabla hajatoa hela yake aniambie, wikiendi nisipokuwa barabarani nakuwa renji. Njoo na masikio mawili ya kuzibia, glovu ukipenda, na risasi njoo nazo mwenyewe, boksi la ishirini sasa hivi ni dola hamsini na kitu, mara ya mwisho mmekuja watu wanne mikono mitupu.